Jawabu Nililolikosea Juu ya Farasi na Mifupa Dhaifu

  

Ndugu zangu wasomaji, leo sikushika kalamu kumsahihisha mtu mwingine. Nimeishika kujisahihisha mwenyewe. Jawabu nililolitoa katika darsa yetu ya baada ya Magharibi, hapa mjini kati, si mbali na Msikiti wa Jamia, lilikuwa kosa. Waliolisikia walikuwa wengi, na nimepata habari kwamba baadhi yao walilichukua hata majumbani kwao Kibera, Kawangware na Kangemi, wakawasomea wazee wao. Neno lililosemwa mbele ya watu halirekebishwi kwa kunong'ona. Kwa hiyo nalirekebisha hapa, katika karatasi yetu hii, ili lifike kule kule lilikofika lile la kwanza.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 alinijia mzee mmoja wa Kinubi, mtu wa Kibera, aliyekwisha kupita miaka sitini na mitano. Kazi yake tangu utoto ni usaisi. Alianza kwa kuwachotea farasi maji katika uwanja wa mbio wa Ngong Road, ule uliofunguliwa mwaka 1954, na babake kabla yake alikuwa saisi vile vile. (Juu ya mbio za kamari nimekwisha kusema siku nyingine, na mzee huyu hajapata kuweka hata senti moja juu ya farasi, hilo analijua kila anayemjua.) Baadaye alihamia zizi moja huko Karen, akawa anawafundisha watoto kupanda. Basi siku ile alisimama mbele ya darsa, mkono wake wa kulia umefungwa plasta, akasema:

“Shekhe, maisha yangu yote ni farasi. Juzi nilikuwa nikimwongoza farasi mdogo getini, bodaboda ikapiga honi, akashtuka, kamba ikanivuta, kiwiko cha mkono kikavunjika. Daktari amenipima, akasema mifupa yangu imekuwa kama mkate mkavu. Watoto wangu wanataka niache kabisa. Nataka kusikia dini yasemaje.”

Mimi, Mungu anisamehe, sikunyamaza hata kadiri ya kuvuta pumzi mara moja. Nilianza kumtajia fadhila za farasi, na jinsi Mtume (s.a.w.) alivyoeleza kwamba kheri imefungamana na nywele za paji la uso wa farasi mpaka siku ya Kiyama. Nikamwambia: “Mzee wangu, mtu haachi kheri kwa kuogopa. Ajali haichagui mifupa. Panda, umtegemee Mungu.” Jamaa waliokuwapo wakapiga takbiri, nami nikaona raha moyoni. Hiyo raha ndiyo iliyonipumbaza. Mwenye kujibu huku akisikia tamu ya jawabu lake, haya ndiyo yampatayo.

Wiki tatu baadaye mzee akapanda. Hakupanda farasi mkali, wala hakwenda shoti. Alipanda kutoka chini, kama alivyopanda tangu ujana wake: akautia mguu wa kushoto katika kikuku, akajivuta juu. Mkanda wa tumbo ulikuwa haukukazwa sawasawa. Tandiko likazunguka pamoja naye, naye akaanguka kwa ubavu juu ya udongo mwekundu uliorowa mvua. Farasi hakukimbia wala hakurusha mateke. Alisimama pale pale akimtazama. Nyonga ya mzee ikavunjika.

Nilipokwenda kumtazama hospitali alikuwa amekwisha kupasuliwa na kutiwa chuma. Yeye ndiye aliyenituliza mimi: “Shekhe, usijilaumu, hii ni kadari.” Lakini binti yake, mwanamke mtu mzima mwenye watoto, aliyekuwa amesimama upande wa miguuni, aliniuliza kwa adabu na kwa sauti ya chini: “Shekhe, kabla ya kumjibu baba, ulimwuliza daktari wake alimwambia nini?”

Sikuwa nimemwuliza. Wala mzee mwenyewe sikumwuliza zaidi ya yale aliyoyasema.

Nikarudi nyumbani, na usiku ule nikaikumbuka ile hadithi ambayo mimi mwenyewe nimeisomesha mara nyingi, aliyoipokea Abu Daud kutoka kwa Jabir. Watu walikuwa safarini, mmoja wao akapigwa na jiwe, kichwa kikapasuka; kisha akapatwa na janaba usingizini. Akawauliza wenziwe kama wanamwonea ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hawamwonei ruhusa hali maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) alikasirika, akawahesabu wale waliomjibu kuwa ndio waliomwua, akauliza mbona hawakuuliza walipokuwa hawajui, kwani dawa ya asiyejua ni kuuliza. Basi tazameni, ndugu zangu: wale hawakuwa waovu. Walikuwa watu wema waliodhani kuwa ugumu ndio dini. Nami nilikuwa mmoja wao, tofauti ni kwamba mzee wangu, alhamdulillahi, yu hai.

Baada ya hapo ndipo nilipofanya lile lililonipasa kulifanya mwanzo. Nilikwenda kwa daktari wa mifupa, nikakaa kitako kama mwanafunzi. Kisha nikamwendea mwalimu mmoja mwenye miaka mingi katika kufundisha watu kupanda farasi. Haya nitakayoyasema chini ni yao, mimi nimeyapanga tu.

Ugonjwa huu madaktari huuita osteoporosisi. Ndani ya mfupa wa mwanadamu si kugumu kama jiwe. Kumejengwa mithili ya sega la nyuki, vijumba vidogo vidogo na kuta zake. Mfupa hauachi kubomolewa na kujengwa upya usiku na mchana kwa kudura ya Mwenyezi Mungu. Mpaka miaka kama thelathini ujenzi huuzidi ubomoaji, au huwa sawa nao. Baada ya hapo ubomoaji hushinda polepole, na kwa mwanamke aliyekoma hedhi hushinda kwa haraka kwa muda wa miaka kadhaa. Kuta za sega huwa nyembamba, nyingine hukatika, na mfupa ambao kwa nje umbo lake ni lile lile huwa hauwezi tena kustahimili. Mwaka 1994 Shirika la Afya la Ulimwengu liliweka kipimo cha kuutambua: mfupa hupimwa kwa mashine ya miale, na mwenye kupata alama ya hasi 2.5 au chini zaidi huhesabiwa kuwa nao. Hauna maumivu. Mtu huujua siku anapovunjika, na mara nyingi huvunjika kiwiko cha mkono, au nyonga, au pingili za uti wa mgongo. Mwenye kuona kimo chake kinapungua na mgongo unapinda, asiseme ni uzee tu. Pengine pingili zimekwisha kubonyea naye hana habari.

Msidhani ni ugonjwa wa wanawake peke yao. Mzee wetu ana pumu, na kwa miaka mingi amekuwa akijinunulia dukani vidonge vya prednisoloni, kila kifua kikibana. Dawa hizo zikitumiwa kwa muda mrefu hula mifupa. (Lakini asije msomaji akaziacha ghafula leo kwa sababu ya maneno yangu, kuziacha ghafula nako kuna hatari kubwa. Aende kwa daktari apunguziwe kwa utaratibu.)

Wala mifupa kudhoofika si aibu katika dini. Katika Surat Maryam tunasoma jinsi Nabii Zakariya (a.s.) alivyomnong'onea Mola wake, na jambo la kwanza alilolitaja katika unyonge wake lilikuwa ni mifupa, kabla hata ya mvi za kichwani. Nabii aliusema udhaifu wa mifupa yake wazi mbele ya Mola wake. Sisi twauficha mbele ya daktari!

Sasa tuliangalie lile swali lenyewe. Je, mtu huyu farasi kwake ni marufuku? Jawabu langu la kwanza lilikuwa “panda”, na jawabu la watoto wake lilikuwa “acha kabisa”. Yote mawili yalitolewa kabla ya kujua hali ya mifupa yenyewe, na yote mawili yalimdhulumu mzee. Maana kumwondoa saisi katika farasi ghafula, akae ndani Kibera akitazama ukuta, hiyo nayo ni njia ya kuidhoofisha mifupa yake, kwani mfupa usiotembezwa huzidi kulegea.

Yanipasa nianze na bwana wa wapandaji. Mtume (s.a.w.) alikuwa mpandaji hodari. Usiku mmoja watu wa Madina walipofazaika kwa kelele, yeye alitangulia mbele ya wote juu ya farasi wa Abu Talha, hana tandiko. Na mtu huyo huyo, imepokewa kwa Anas katika Bukhari na Muslim, alianguka kutoka juu ya farasi akachubuka ubavu wa kulia. Na kwa riwaya ya Jabir, farasi alimtupa kwenye shina la mtende, mguu wake ukateguka. Akafanya nini? Alikaa katika chumba cha juu cha Bibi Aisha, akasali kwa kukaa. Hakupanda kesho yake ili kuwaonyesha watu kuwa ana tawakali. Mguu ulipoumia, aliupa haki yake. Hadithi hii nami nilikuwa nayo kichwani siku ile mzee aliponiuliza, lakini nilichagua zile zinazopigiwa takbiri.

Na iko nyingine tamu zaidi kwa habari yetu. Waliporejea kutoka Khaibar, Mtume (s.a.w.) alikuwa akichutama pembeni mwa ngamia wake na kuliweka goti lake, ili Bibi Safiya aweke mguu juu ya goti hilo apate kupanda. Bibi Safiya alikuwa kijana, mzima wa mwili. Basi mzee wa miaka sitini na mitano na mifupa yake dhaifu anaona haya kutumia kipandio cha mbao! Wallahi mwalimu wa farasi aliniambia kwamba kama kuna jambo moja atakaloliamrisha kwa kila mpandaji mzee, ni hilo: asipande kutoka chini. Kupanda kutoka chini kunampinda mtu uti wa mgongo, kunalivuta tandiko upande mmoja, na kunautia uzito wote katika mguu mmoja hali farasi aweza kusogea. Kiwekwe kipandio kirefu, imara, penye ardhi sawa. Mtu mwingine amshike farasi kichwani na mwingine abonyeze kikuku cha upande wa pili. Na wakati wa kushuka farasi arudishwe pale pale kwenye kipandio. Kuruka chini, kama wanavyoruka vijana, ni kuzigonganisha pingili zote kwa mara moja.

Lakini hilo ni la yule aliyeruhusiwa kupanda. Daktari alizitofautisha hali za watu, nami naziandika kama alivyozisema. Aliyekwisha kuvunjika pingili ya mgongo au nyonga kwa sababu ya ugonjwa huu, wengi wao wataambiwa wasipande tena, na wakiambiwa hivyo basi wakubali. Mwenye kuvunjika mara moja yu karibu zaidi na kuvunjika mara ya pili. Asiyepata kujua kupanda maishani mwake, kisha akaambiwa ana mifupa dhaifu, huo si wakati wa kuanza. Ama yule aliyezoea tangu zamani, ambaye hajavunjika, na daktari wake ameiona picha ya mifupa yake na kumridhia, huyo ana nafasi, lakini kwa masharti.

Lazima ajue kwanza anachokiendea. Kichwa cha mtu aliye juu ya farasi mkubwa hufika kiasi cha mita 3 kutoka ardhini, na chini yake pana mnyama wa kilo 500 au karibu yake, mwenye moyo wa kutishika. Mwenyezi Mungu alimwumba mnyama huyu akimbie kwanza ndipo afikiri. Ngong Road ina honi za matatu, Karen ina mbwa wanaotoka malangoni, na mfuko wa karatasi ukipeperushwa na upepo humtosha. Basi huyu mpandaji wetu apewe farasi mzee, mtulivu, aliyemjua kwa siku nyingi. Apande mahali palipozungushiwa uzio, si barabarani. Siku ya utelezi wa masika aache. Aende mwendo wa kutembea tu. Ule mwendo wa kurusharusha humdundisha mtu kitako juu ya tandiko, na kila dundo hupanda katika pingili. Pingili dhaifu yaweza kubonyea hata bila ya kuanguka. Shoti na kuruka viunzi asivitaje kabisa.

Avae kofia ngumu ya wapandaji, iliyofungwa chini ya kidevu, na viatu vyenye kisigino na soli laini, ili mguu usije ukapenya kikukuni ukanaswa akaburutwa. Yako pia makoti mazito ya kukinga mbavu. Ni mazuri, lakini mwalimu alinitahadharisha: koti halizuii pingili kubonyea mtu anapofikia kitako. Asije mtu akavaa koti akajiona ana kinga ya kila kitu. Wala asipande akiwa peke yake, wala akiwa na kizunguzungu cha dawa za presha, wala alasiri ya Ramadhani hali mwili umelegea.

Mtume (s.a.w.) alipomsikia Anjasha akiwaimbia ngamia nao wakizidisha mwendo, hali juu yao wamo wanawake, alimwambia apunguze, akawafananisha na vyombo vya kioo. Wanachuoni wameifasiri kwa njia zaidi ya moja, na miongoni mwao wapo waliosema alichelea wasiumie kwa mtikisiko. Kwa mwenye maradhi haya hiyo tafsiri haihitaji maelezo. Amebeba vioo ndani ya mwili wake.

Sasa yale ya chini, ambayo watu huyadharau, na ndiyo yaliyomvunja mzee mkono mara ya kwanza. Masaisi wengi hupatwa na madhara wakiwa wamesimama juu ya miguu yao. Mzee alikuwa ameizungusha kamba katika kiganja chake, na hilo, aliniambia mwenyewe akicheka kwa uchungu, amewakanya vijana mara elfu. Kamba ikunjwe ishikwe, isizungushwe mkononi kamwe, mtu aende sambamba na bega la farasi, si mbele yake wala nyuma yake, avae glavu, na farasi akivuta kwa nguvu, aiachilie. Farasi aliyekimbia hukamatwa. Nyonga iliyovunjika haikamatwi.

Kulibeba tandiko na kulirusha mgongoni mwa farasi kwa mikono iliyonyooshwa, kuinua robota la nyasi kavu, kubeba ndoo iliyojaa, kuinama na kugeuka huku umeshika sepetu ya samadi, kuinua kwato na kuzisafisha umepinda mgongo kwa nusu saa: haya yote aachiwe kijana. Kuinama pamoja na kujigeuza hali umebeba kitu ndiko kunakobonyeza pingili. Lakini kumsugua farasi kwa brashi hali umesimama wima, kumlisha, na juu ya yote kumtembeza kwa miguu, hayo yana faida. Na hapa daktari alinishangaza. Aliniambia kwamba kwa mifupa, kutembea mbele ya farasi kuna manufaa kuliko kukaa juu yake, kwani aliye juu amebebwa, na mfupa huimarika unapobeba uzito wa mwenyewe.

Huenda msomaji wa Kawangware akasema: sisi na farasi wapi na wapi? Nami namwambia, punda je? Tazama asubuhi barabara za Dagoretti, mikokoteni ya punda yenye mitungi ya maji. Mwenye kuongoza mkokoteni ule aweza kuwa na umri wa mzee wetu, na kamba ameizungusha mkononi vile vile, naye hurukia na kurukia chini mara ishirini kwa siku. Na mama anayeinua mtungi wa lita 20 kutoka chini kwa mgongo, amekoma hedhi na hajapata kupimwa, hana haja ya farasi ili avunjike.

Kuna jambo jingine niliambiwa na vijana wa zizini. Baada ya mzee kuanguka, mtu mmoja alileta hirizi ifungwe shingoni mwa farasi, akisema ana jicho. Hirizi ile ikatwe. Mtume (s.a.w.) aliamrisha vikatwe vidani vilivyofungwa shingoni mwa ngamia kwa itikadi kama hizi. Farasi yule hakuwa na jicho. Alikuwa na mkanda uliolegea. Na jamaa wengine walitaka mzee atolewe hospitali akandwe na mkandaji. Mfupa uliooza kwa ndani, ukandwe na kuvutwa! Namshukuru yule binti, maana yeye ndiye aliyekataa.

Dawa zipo, na Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kujitibu. Wako wanaopewa sindano ya mshipani mara moja kwa mwaka, na wako wanaopewa kidonge cha mara moja kwa wiki. Hicho kidonge humezwa asubuhi juu ya tumbo tupu, kwa bilauri nzima ya maji matupu, na mtu asile wala asilale kwa muda wa nusu saa, la sivyo huunguza koo. Kwa hiyo kabla ya Ramadhani mgonjwa amwulize daktari amwekee saa, asiache dawa mwezi mzima kwa kunyamaza. Maziwa na omena tunayo. Jua pia tunalo, lakini mama zetu wanaokaa siku nzima ndani ya maghorofa ya Pangani na Eastleigh hawalioni, na mwili hutengeneza vitamini D kwa jua la ngozi. Roshani na nyua zilizositiriwa ziko; watoke humo, wakunje mikono.

Na sala. Aliyebonyea pingili, kuinama mpaka chini kwaweza kumdhuru. Imran bin Huswain alipougua, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza asali kwa kusimama, akishindwa akae, akishindwa alale ubavu. Mwenye kukatazwa na daktari kuinama akae juu ya kiti, aashirie rukuu, na sijida aiashirie chini zaidi. Nimewaona wazee msikitini wakitazamwa kwa jicho baya kwa sababu ya viti vyao. Waacheni.

Sikuisahau Bibi Umm Haram, khalati ya Anas bin Malik. Alikwenda na jeshi la baharini mpaka Kupro, akiwa mtu mzima. Aliposhuka pwani akaletewa mnyama apande, akamtupa, akafa. Kaburi lake linaonyeshwa mpaka leo karibu na mji wa Larnaca. Alikuwa amebashiriwa kuwa miongoni mwa wale wapiganaji wa baharini, na yeye ni shahidi kwetu bila shaka. Kuna mtu aliniletea kisa hiki baada ya darsa, akasema: “Waona, shekhe? Jawabu lako lilikuwa sahihi.” Sikukubali. Yule bibi alipanda kwa sababu safari ya jihadi ilimlazimu kupanda. Mzee wangu alipanda kwa sababu mimi nilimwambia apande.

Binti yake nilikwenda kumwomba radhi nyumbani kwake. Alinipokea, akanipa chai, na hakusema neno juu ya jambo lile, wala sikutaraji aseme.

Mzee sasa hutembea kwa mkongojo. Daktari amemkataza kupanda, naye amekubali, ingawa siku aliyoambiwa, mkewe aliniarifu, hakula. Siku ya Alhamisi huchukuliwa Karen, huwekewa kiti chini ya mti, akawasomesha vijana kutandika. Mwezi uliopita nilikwenda kumzuru huko. Kijana alikuwa amekwisha kukaza mkanda wa tumbo, akanyoosha mgongo akiridhika. Mzee akasema: “Mtembeze kwanza.” Farasi, aliniambia, hujaza pumzi akifungwa mkanda, na akishatembea hatua chache pumzi hutoka, mkanda ukalegea, hivyo ndivyo ilivyokuwa siku ile yake, naye alikuwa na haraka ya kupanda. Kijana akamzungusha farasi uwanjani, akamrudisha.

“Shekhe,” akaniita, “njoo wewe uingize vidole viwili hapo chini ya mkanda.”

Nikaingiza vidole viwili, na mkono wangu mzima ukapita.